Kayamba ya Muhuri

Mtoto wa Darmi alizikwa Ijumaa asubuhi, na Jumamosi Asenath akapanda kivuko cha kamba kwenda ng'ambo ya mto kutoa pole. Hakulia. Tangu mumewe Kazungu afariki, miaka miwili nyuma, machozi yalikuwa yamemkauka, na kanisani hawakukosekana wanawake wa kunong'ona kwamba mjane yule ana moyo wa jiwe. Waache waseme. Mwenye kuijua ganzi ni aliyepata kufa ganzi.

Darmi alikuwa Muorma wa miaka ishirini na mbili au karibu na hapo, na huyo Huka aliyezikwa alikuwa mwanawe wa kwanza na wa pekee, mwenye mwaka mmoja na miezi minne. Alitapika, akahara damu siku tatu, akanyamaza. Bwana Afya wa Garsen, kijana aliyeitwa Athman, alikuja na baiskeli yake akatazama, akaandika daftarini kwamba ni maradhi ya maji, kisha akawapiga watu marufuku kuchota pale chini ya kivuko walipozoea kuchota. Watu walitii siku mbili, siku ya tatu wakarudi palepale, maana mto ni ule ule mmoja.

Asenath aliwakuta wanawake wamekaa kwenye ngozi ndani ya nyumba ya nyasi. Akampa Darmi mkono, akasema maneno yasemwayo msibani, akaketi. Ndipo alipoiona kayamba. Ilining'inia kwenye mti wa ukutani, na ilikuwa kazi ya mikono yake mwenyewe: kipini kifupi, nyuzi tano za mbegu nyekundu zenye jicho jeusi, na juu ya kipini muhuri wa wino wa zambarau. Uzi mmoja ulikuwa umeharibika. Mbegu zake zilikuwa zimepauka, nyingine zimebaki maganda matupu, zimetafunwa na mtoto anayeota meno.

Akazitazama mpaka jirani yake akamsogezea kikombe cha maziwa mara ya pili, akidhani hakumsikia mara ya kwanza. Alikunywa, akaaga, akarudi kivukoni. Katikati ya mto, wanaume wakiivuta kamba, akamkumbuka mwana-mbuzi wake aliyekufa miezi miwili nyuma.

Turudi nyuma kidogo, maana jambo hili lilianza kwa nia njema kabisa, na hilo ndilo linaloniudhi.

Asenath ni Mpokomo, lakini Kazungu alikuwa Mgiriama, fundi wa kayamba. Kayamba ya kweli ni ya ngoma: bapa la matete lililoshonwa pande zote, ndani limetiwa mbegu za mturituri, zile ambazo watoto wa pwani huziita macho ya tipitipi. Kazungu alipokufa, mkewe hakuwa na nguvu wala hamu ya kutengeneza kayamba za ngoma. Akaanza kushona ndogo, kiasi cha kiganja, za kubembelezea watoto wachanga. Zilipendwa. Wapokomo walizinunua, Waorma walizinunua, na Elmi, Msomali mwenye duka, alizitundika mlangoni pake. Watu ambao hawakuwahi kukubaliana hata juu ya njia ya ng'ombe kwenda mtoni, wote kwa kayamba za Asenath walikuwa kitu kimoja.

Matete hupasuka, bila shaka, na mbegu humwagika, na mtoto hazimwagiki mbele yake akaziacha. Humeza. Hapakuwa na mama wa pande zile aliyehangaika kwa hilo, kwani mbegu ya mturituri ikimezwa nzima hutoka nzima. Mama alisubiri siku mbili, akaziona, akacheka, yakaisha.

Athman ndiye aliyehangaika. Alikuwa mtu wa mji wa Kipini, amevaa kaptura ya kaki na soksi hadi magotini, na huko kwao aliwahi kumshuhudia mtoto akikabwa na kifungo cha shati mpaka akafa mbele ya watu wazima wanane wasiojua la kufanya. Mtu akishaona hivyo, hawezi kutazama kitu kidogo karibu na mtoto bila moyo kumdunda. Basi alipoikuta kayamba imepasuka mlangoni kwa Elmi na mtoto anaokota mbegu, akatunga kanuni papo hapo, kanuni yake mwenyewe: hakuna kitu cha kuchezea mtoto kitakachouzwa Garsen kama kinadondosha chochote kinachoweza kuingia puani au kooni.

Na kila kitu kilipimwa. Athman alikisimamisha usawa wa bega akakiachia kwenye sakafu ya baraza la Elmi, mara tatu. Alikivuta kwa mikono miwili mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Akakiloweka ndooni hadi adhuhuri. Kilichofaulu alikigonga muhuri, na kwa kuwa alikuwa na muhuri mmoja tu, ule wa kugongea nyama machinjioni, wanasesere na vigari vya Garsen vikawa vinatembea na alama ya paja la ng'ombe. Watu walicheka wiki moja. Wiki ya pili wakaanza kuuliza, hii ina muhuri? Isiyokuwa nao haikushikwa. Vigari vya bati vya Elmi kutoka Mombasa viling'oka magurudumu vyote mbele ya umati, na Elmi hakulisahau jambo hilo.

Kayamba za Asenath zilipasuka mara ya kwanza tu zilipoachiwa. Mbegu zikatapakaa barazani, watoto wakazigombania, na yeye akarudi nyumbani amejitanda leso usoni kwa aibu.

Alikaa siku kumi akifikiri. Kisha akatoa shazia ya Kazungu, ile sindano ndefu ya kushonea magunia, akaitia makaani mpaka ikawa nyekundu, akatoboa mbegu moja. Akatoboa ya pili. Akazitunga kwenye uzi wa kuvulia samaki, kila mbegu na fundo lake, kumi na mbili kila uzi, nyuzi tano kwenye kipini cha mti. Haikuwa kayamba tena, ukweli usemwe, ila watu waliendelea kuiita hivyo. Athman aliivuta hadi viganja vikamwiva. Hakuna kilichodondoka. Akasema mbele ya watu kwamba mafundi wote wangekuwa kama mama huyu, yeye angelala usingizi. Akazigonga muhuri zote tisa alizoleta. Asenath alifurahi siku ile. Ilikuwa furaha hasa, ya kwanza tangu matanga ya mumewe, na alitembea nayo mpaka nyumbani kama mtu aliyebeba yai.

Kumbe Kazungu, enzi za uhai wake, kila alipochagua mbegu aliziweka kando zilizopasuka, akachimba shimo nyuma ya nyumba, akazifukia. Hakuzitupa tu; alizifukia. Mkewe alimuuliza siku moja, naye akajibu kwamba iliyopasuka haifai. Asenath, mke wa fundi, alielewa kama mke wa fundi: mbegu yenye ufa hailii vizuri. Kuuliza si ujinga, lakini mara ya pili hakuuliza. Na alipoanza kutoboa, vipande na ungaunga wa mbegu alivifagia akavisukumia pale alipofungwa mwana-mbuzi, naye akalamba. Alihara damu siku tatu. Asenath alilaumu majani mabichi ya mvua.

Haya yote ndiyo yaliyomjia pale kivukoni. Kilipogusa ukingo alishuka, akapita nyumbani kwake bila kuingia, akaenda moja kwa moja kwa Athman. Alimkuta anatia upepo baiskeli. Alisema yote, kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi.

Athman alikataa mwanzoni. Alisema mbegu hizo hazidhuru, yeye mwenyewe amezimeza utotoni, na ndugu zake wote.

"Mlizimeza nzima," akasema Asenath.

Kijana akaiacha pampu. Alikaa chini, pale pale mchangani, na soksi zake.

"Nyanya yangu akinambia," akasema, "mtu mbaya akitaka kumuua mwenziwe bila kelele, huzisaga hizo. Zisage, alisema. Hakusema zitoboe."

Basi kila mmoja alikuwa na nusu ya jambo, na nusu hizo zilikutana Huka akiwa tayari mchangani. Nami nitasema nililonalo moyoni: Bwana Afya alipima kuanguka, akapima kuvutwa, akapima maji. Mdomo hakuupima. Na mtoto mdogo ukimpa kitu anakipeleka wapi kwanza? Hilo halihitaji kusomewa. Wanawake kumi walikuwepo barazani siku ile, Asenath akiwa mmojawapo, na wote walipiga makofi.

Zilikuwa tisa. Nane zilikuwa kwa watoto wazima, na kila saa moja ilikuwa saa ya meno. Jioni ile ile wakaanza kuzikusanya, Athman akisukuma baiskeli, Asenath nyuma yake na kikapu.

Hawakupewa. Mama wa kwanza aliirudisha nyuma ya mgongo wake akamuonyesha Athman kipini: huu si muhuri wako? Wa pili alisema Bwana Afya ndiye aliyewaambia washike zenye muhuri, sasa watamsikiliza Bwana Afya yupi, wa jana au wa leo? Mmoja alimwambia Asenath usoni kwamba anataka kuwanyang'anya akawauzie watu wa Tarasaa. Asenath hakukasirika. Alisimama tu na kikapu chake, akasubiri, akaomba tena kwa maneno yale yale.

Mwishowe Athman alikwenda barazani kwa Elmi asubuhi watu walipojaa, akapanda kwenye kreti, akasema kwamba amekosea, kwamba muhuri wake kwenye kayamba hizo si kitu, na zilizoko majumbani zitolewe leo. Elmi alimkumbusha vigari vyake vya bati. Lakini ndiye aliyekuwa wa kwanza kuingia ndani na kuileta ya mjukuu wake. Baada ya hapo zilikuja. Ya mwisho kati ya hizo nane Athman aliifuata Tarasaa kwa baiskeli, akarudi jua limekuwa kali, midomo imempasuka. Hakuna mtoto aliyekuwa ameugua. Asenath alichimba shimo nyuma ya nyumba, akazifukia.

Ikabaki ya Darmi.

Athman ndiye aliyeleta shauri hilo, na tusimlaumu, lilikuwa shauri la huruma. Alisema yule ameshazika, na wa pekee. Mwambie unaichukua ukaitengeneze, uzi umeharibika. Mwache na maradhi ya maji, mama. Maradhi ya maji hayana mwenyewe. Asenath akakubali, na kwa kuwa mwenyewe hakuwa akihisi kitu, hakuona sababu ya kubishana.

Alivuka Jumanne asubuhi. Darmi alikuwa peke yake, anasugua kibuyu cha maziwa kwa majivu. Kayamba ilikuwa pale pale kwenye mti wake, lakini ilikuwa imenyongea: uzi ule uliotafunwa, na mwingine mmoja. Nyuzi tatu hazikuwepo.

Asenath aliuliza ziko wapi, naye Darmi akamweleza pasipo haraka. Wake wa ndugu za mumewe, watatu, walikuwa wameondoka jana alfajiri pamoja na ng'ombe, wakielekea upande wa Bangale. Walimpenda Huka, kila mmoja alitaka kitu chake cha kumkumbukia. Shati la Huka, Darmi hakuweza kulitoa. Basi alikata nyuzi tatu, akawafunga watoto wao mikononi, Huka awatembelee njiani.

Asenath akasema uwongo wake. Alisema angependa kuitengeneza kayamba yote, iwe nzima tena, na nyuzi zile zirudishwe. Darmi akatabasamu kidogo, kwa adabu. Alisema hapana haja, mama, wamekwenda, na iliyobaki iache hivyo hivyo, imevunjika lakini ni ya Huka. Akaendelea kusugua kibuyu.

Angeweza kuondoka hapo. Uwongo mwingine mkubwa zaidi hakuwa nao, na uwongo mdogo haumtoi mtu nyumbani kufuata ng'ombe waliotangulia siku nzima. Watoto watatu walikuwa na mbegu zilizotobolewa mikononi, inchi mbili kutoka mdomoni. Asenath aliogopa. Hata mwenyewe alishangaa kwamba bado anajua kuogopa.

"Darmi," akasema. "Huka hakuuawa na maji. Ni hizi mbegu. Zikiwa nzima hazina neno. Mimi nimezitoboa, na zikitobolewa ni sumu. Sikujua. Bwana Afya pia hakujua. Lakini ni hizi."

Darmi alikitazama kibuyu, kisha kayamba.

"Hii?"

"Hiyo."

Aliondoa majivu kibuyuni kwa kitambaa, akakifunika, akakitundika mahali pake. Akachukua fimbo na leso. Akatoka, na Asenath akamfuata.

Walitembea siku nzima. Darmi alikuwa mbele, hatua ndefu za watu wa ng'ombe, wala hakugeuka hata mara moja kutazama kama mama mzee bado yuko. Nyayo za ng'ombe zilikuwa wazi kwenye udongo mweusi uliokauka. Asenath aliangalia visigino vya mwenzake na hizo nyayo, basi. Walipumzika kwa watu wa ukoo wa Darmi waliowapa maziwa na mahali pa kulala, wasiulizwe lolote. Asubuhi, jua halijapanda sana, wakawaona ng'ombe kwenye dimbwi.

Darmi akakimbia. Asenath alibaki nyuma, miguu imemgoma, akamwona akiingia katikati ya wanawake, akisema kwa Kiorma maneno machache. Mtoto mmoja alikuwa amelala mgongoni kwa mamake, uzi uko mkononi. Wa pili alikuwa anaupiga piga chini. Wa tatu, binti wa mwanamke aliyeitwa Dahabo, mdogo kuliko wote, alikuwa ameutia mdomoni. Darmi aliingiza kidole kwenye shavu la mtoto, akaukokota uzi nje umelowa mate. Mtoto alilia kwa hasira.

Asenath alipofika alipewa nyuzi azihesabu. Kumi na mbili. Kumi na mbili. Ule wa mate aliuhesabu mara tatu, akiupitisha fundo kwa fundo kati ya vidole, akiitazama kila mbegu kwenye jua. Kumi na mbili, hakuna hata moja iliyoguswa na jino. Mama zao walimtazama kwa macho ambayo hakuweza kuyasoma, na mmoja, huyo Dahabo, akamkumbatia mwanawe akaenda kukaa mbali naye. Alikuwa na haki.

Watoto watatu wazima. Asenath alijua kwamba hapo mtu angepaswa kumshukuru Mungu, na alimshukuru, kwa maneno. Kisha akaketi chini.

Darmi alikuja akaketi kando yake. Alizichukua zile nyuzi kutoka mapajani mwa Asenath, akaziweka kwenye kiganja chake. Ng'ombe walikuwa wakinywa.

"Huka alikuwa hataki," akasema. "Siku ya kwanza nimempa, ametema. Mimi nimerudisha mdomoni. Ametema tena, nimerudisha tena. Nimemwambia, meno yanauma, tafuna tu, hii imepimwa."

Asenath alizitazama mbegu kiganjani mwa mwenzake.

"Mara nyingi," akasema Darmi. "Kwa mkono wangu." Akamgeukia, na ilikuwa mara ya kwanza tangu jana kumtazama usoni. "Mama, wewe ungerudisha?"

Yapo maneno mengi ya kusema mahali kama hapo. Kwamba ni kazi ya Mungu. Kwamba kosa ni la aliyetoboa, na la aliyegonga muhuri. Yote ni ya kweli, na Asenath aliyapitia yote kichwani mwake, moja moja, akaona kwamba hakuna hata moja aliloulizwa.

"Ningerudisha," akasema.

Darmi aliitikia kwa kichwa. Akamrudishia Asenath zile nyuzi tatu, akavifunga vidole vya mwenzake juu yazo ili zisianguke.

"Baba yake nitamwambia mimi," akasema. "Si wewe."

Akainuka, akachukua fimbo yake, akatangulia njia ya kurudi.